Paja Moja la Kuku

Kayanga, Jumatano

Dada Mackrine,

Shikamoo. Sisi wazima. Mama anakusalimu, goti lake limepata nafuu. Ningekupigia simu, ila yeye husikia kila neno.

Biashara ya kuku imenigeuka. Zamani mtu alinunua jogoo mzima, akaondoka naye kwapani. Siku hizi wateja wa hapa sokoni wanataka vipande: mapaja, shingo, firigisi. Wengine wanaulizia hata nyama ya kanga. Nimenunua jokofu, nashinda nikikata.

Jana alikuja Kahigi. Ndiyo, mume wangu huyohuyo. Tangu aondoke mwaka juzi watu wananiambia anaishi na mwanamke huko Omurushaka, nami niliamini. Alisimama mbele ya meza yangu, shati halijapigwa pasi.

"Nipe paja moja," akasema.

"Moja tu? Na mwenzako atakula nini?"

"Mwenzangu yupi, Eustadia? Najipikia mwenyewe. Moja linanitosha."

Dada, hebu fikiria. Kama hakuna mwanamke, aliniacha kwa sababu gani? Na kama yupo, mbona anunue paja moja? Nilitaka kumwuliza, nikaishia kumfungia nyama. Alipogeuka kuondoka, nikajikuta nikisema, "Jumapili njoo nyumbani, nitapika."

Aligeuka tena. "Nitakuja," akasema.

Mama sijamwambia. Sijui kama nimemsamehe Kahigi, wala sijui kama kuna la kumsamehe. Barua hii inakuja na basi la kesho. Nijibu kabla ya Jumapili, tafadhali.

Mdogo wako,
Eustadia