Kompresa ya Mwalimu Absalom

Jumatatu, 5/2/2007

Leo Mwalimu Absalom amekuja gereji. Yule yule aliyenifundisha sayansi hapa Kitale, akasema mbele ya darasa zima ati mimi hubahatisha majibu na nitaishia kubahatisha maisha. Haya. Amestaafu, amerudi kwao karibu na Lwakhakha, na gari yake — Corona ya mwaka wa themanini na nane — AC imekufa. Sasa anamtafuta nani? Mimi, Kiragu.

Nikamtania: Mwalimu, kwani huko kwenu upepo uliisha? Hakucheka. Akasema ni mama, bibi yake, Mama Agneta. Kifua. Vumbi ikiingia anashindwa kupumua, na tarehe kumi na tano lazima afike kliniki Bungoma. Barabara yao ni vumbi tupu mpaka ushike lami. Madirisha lazima yafungwe. Ukiyafunga bila AC, ndani ni jiko. Safari ya mwisho alizirai.

Nikamwambia alale usingizi, mama atavaa sweta ndani ya gari. Binti yao Nekoye alikuwa hapo. Akauliza kama mimi ndiye fundi ama ni wa kuosha magari. Amenipenda huyo.

Jumanne, 6/2/2007

Nimefungua. Kompresa imeshikana kama meno ya mtu mkaidi. Lazima nyingine. Mpya ama mtumba? Nilidhani ni swali ya dakika moja.

Wa duka ya spea: chukua mpya, iko kwa boksi, iko na garanti. Wa kule wanauza magari yaliyokatwa: boksi ni karatasi, bana, hizo mpya ni feki, mtumba wa Japan ndiyo orijino. Nikarudi kwa wa duka. Akasema mtumba umeshakufa mara moja, unataka uzike tena?

Wote wanaongea ukweli. Hiyo ndiyo shida.

Jumatano, 7/2/2007

Mbaya zaidi. Kumbe gesi ni mbili! Gari nzee inakunywa gesi ya zamani, na hiyo haipatikani siku hizi. Kompresa mpya inakunywa gesi ya sasa. Na kila gesi iko na oili yake, na ukichanganya inakuwa uji. Sasa nikiweka mpya kwa gari nzee? Nikiweka nzee na gesi mpya? Nimechora kwa karatasi mishale mpaka karatasi ikaisha. Nimekula mandazi sita.

Ijumaa, 9/2/2007

Nimeenda kwa Mzee Kinyua. Sikutaka. Huyo ndiye mzee wa friji hapa mjini, na mimi humwita Babu Barafu mbele ya watu. Lakini nimeenda. Nikajifanya nauliza kwa niaba ya rafiki.

Akasema mwambie rafiki yako hivi: kompresa inaweza kuwa mtumba, kama inazunguka laini na haijavuja. Lakini draya — ile kichupa inayokausha maji kwa gesi — hiyo hununui mtumba hata siku moja. Ni kama mswaki. Halafu mfumo usafishwe, oili ibadilishwe. Halafu rafiki yako alete gari hapa saa saba mchana, jua ikiwa kali, nitie geji ya kupima presha ya gesi tuone.

Nikasema asante. Akasema, "Msalimie rafiki yako. Mwambie Babu Barafu bado yuko."

Jumapili, 11/2/2007

Nimeamua. Mtumba wa Japan. Nimeuzungusha kwa mkono, laini kama siagi. Umekuja seti moja na draya yake, kutoka gari moja. Sasa si wamezoeana hao? Kwa nini nitenganishe? Kinyua anapenda kutisha watu.

Jumanne, 13/2/2007

Nimefunga kila kitu. Oili nimebadilisha, hapo sikubahatisha. Gesi nimewekewa na kijana wa pale stendi, ile ya sasa, bila geji, lakini ana mkono mzuri.

Leo nimeamka saa kumi na mbili asubuhi kupima. Ukungu mpaka kwa magoti. Nikawasha — kompresa ikashika, tak. Nikaweka mkono pale mbele. Baridi, mama yangu! Vidole vikakufa ganzi. Nikazima haraka nisiimalize.

Sasa niende kwa Kinyua kufanya nini? Kupewa hotuba?

Jumatano, 14/2/2007

Nimepeleka gari Lwakhakha mwenyewe. Madirisha yote chini, kiwiko nje. Si watu wa Kamukuywa njiani pia waone dereva.

Mama Agneta amenipikia kuku. Ni mdogo kuliko nilivyofikiria, anaongea akipumzika katikati ya maneno. Akaniita mwanangu. Akasema usiku ataomba Mungu abariki mikono yangu. Nikaiangalia. Ilikuwa na grisi.

Mwalimu akasema kesho nitaendesha mimi, kwa sababu niko na uhakika. Nikasema niko nayo tele. Nekoye akasema, "Tutaona, fundi."

Alhamisi, 15/2/2007

Tumesimama. Nimekaa kwa kalavati kando ya barabara, bado lami iko mbali.

Tulitoka saa tano. Dakika ya kwanza sawa. Ya tano, nikasikia joto kwa magoti, nikasema ni injini. Ya kumi, ile hewa ilitoka kama pumzi ya ng'ombe. Nikaongeza. Ikaongeza joto. Mama akafungua kitambaa cha kichwa. Nekoye akashusha dirisha kidogo, lori ikapita, vumbi ikaingia yote. Mama akavuta ile pampu yake ya dawa ya kifua, mara mbili, mara tatu. Nikasimamisha gari.

Sasa amekaa kiti cha nyuma, milango miwili wazi, Nekoye anampepea na kadi ya kliniki. Kliniki inafungwa saa nane. Tukifunga madirisha, joto. Tukifungua, vumbi. Nimefungua boneti nikaangalia. Sijui ninaangalia nini. Draya? Gesi? Kompresa? Zote zinaniangalia tu.

Nimempigia Kinyua. Ameuliza kitu moja: ulikuja kwangu mchana? Network ikakata. Ama nimekata mimi.

Halafu Mwalimu akaja. Nilingoja matusi. Akaongea pole pole, kama zamani.

"Kiragu, siku uliyopima, ilikuwa saa ngapi?"

 Akaona hiki kitabu kwa mfuko ya ovaroli.

"Usibahatishe. Fikiria, andika jibu hapo, uniletee. Nataka kujua kama gari yangu imewahi kupona, ama ni Kitale ilikuwa baridi."

Anajua. Basi kwa nini anauliza?

Nimeandika: saa saba mchana. Nimeikata kwa mstari.

Mama anakohoa. Sasa ni kikohozi kidogo, kile cha mtu hataki asikike. Anamwambia Nekoye asinigombeze, mtoto amejaribu.

Nimeandika: saa kumi na mbili asubuhi. Ukungu.

Karatasi sijaichana nimpe. Mwalimu amesimama pale pale, mkono ameunyoosha.