Hospitali Inataka Niwe Fundi Wake wa Kudumu

Nyumba Na. 14,
Mtaa wa Nyuma ya Soko.
Jumapili, tarehe 9.

Mpendwa mwanangu, kifungua mimba wangu,

Pokea salamu zangu nyingi huko kwenye baridi uliko. Hujambo, mama? Mkwe wangu hajambo? Na mume wangu mdogo, yule mjukuu wa meno mawili, hajambo? Au meno yameshakuwa manne? Kile kikohozi chako kimepona? Kama bado, usilale dirisha likiwa wazi, na usiniambie wewe ni mtu mzima. Mapafu hayajui umri.

Sisi hatujambo. Baba yako sukari inampanda na kumshuka kama fundi rangi kwenye ngazi. Jioni miguu inamfa ganzi, lakini mdomo haujafa ganzi, unamjua. Mwandiko utanisamehe, darasa la nne ndilo lililonifikisha hapa.

Mwanangu, nimechanganyikiwa. Nalala na jibu moja, naamka na jingine.

Unaikumbuka ile hospitali ya binafsi ninayoishonea mashuka tangu ulipokuwa sekondari. Miaka kumi na mmoja wananiletea furushi, nashona, narudisha, tunamalizana, kila mtu kwake. Basi wiki tatu zilizopita metroni wao, yule mama anayewasimamia wauguzi, akaniita ofisini. Akanikalisha kwenye kiti cha ofisini chenye vigurudumu, nikakishika kwa mikono miwili kisinikimbie. Akasema, "Mama fundi, tumechoka kukutafuta. Tunataka uwe wetu."

Wanataka kuniajiri moja kwa moja. Chumba changu karibu na dobi, cherehani ya umeme, mshahara kila mwezi niwe mzima niwe mgonjwa, likizo, na kiinua mgongo nikizeeka. Na matibabu, yangu na ya baba yako. Aliposema hilo la baba yako, masikio yakaanza kunivuma.

Halafu akafunua ukurasa wa pili. Nikishatia sahihi, nisimshonee mtu mwingine yeyote, hata nyumbani kwangu, hata Jumapili. Nikamuuliza, "Hata kifungo?" Akacheka, "Cha mumeo ruhusa."

Wakanipa wiki moja nijaribu kabla ya kuamua. Hapo ndipo nilipojiaibisha. Jumatatu nilikuta mashuka thelathini ya kupinda. Unanijua mama yako. Saa sita mchana nimeshamaliza, nimeyakunja, nimefagia nyuzi, nimebeba mfuko wangu huyo naondoka. Mlinzi getini akanizuia.

"Mama fundi, safari ya wapi?"

"Nyumbani. Nimemaliza."

"Umeruhusiwa na nani?"

"Na kazi."

Alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Metroni akaja mwenyewe, akaniambia kwa upole kama anayemfundisha mtoto, "Kazi imeisha, mama, lakini saa hazijaisha. Tunatoka saa kumi."

Nikarudi chumbani. Nikakaa mikono mapajani kama mgeni aliyewahi shughuli, wenyeji bado wanaoga. Nikatazama ukuta, ukuta ukanitazama. Mwisho, mwanangu, usimwambie mtu, nikafumua pindo la shuka nililolishona mwenyewe asubuhi, nikalishona upya. Mpaka saa kumi nilikuwa nimefumua mashuka manne, yote mazima. Jumanne nikajifunza kushona polepole. Hakuna kitu kinachochosha kama kushona polepole.

Ningekuambia hapo hapo kwamba sitaki. Lakini ikaja Jumatano.

Baba yako aliniletea miwani niliyoisahau. Muuguzi mmoja akamwona anavyokanyaga, akamvuta kiti, akamvua kiatu. Chini ya kidole gumba kuna kidonda, kidogo tu kama punje ya mchele, lakini kirefu kwa ndani. Hakuwa akikihisi, na damu kwenye soksi alikuwa akiniambia ni rangi ya kiatu. Miaka thelathini na minne ya ndoa, mtu ananidanganya kwa soksi! Wakamsafisha, wakamfunga bendeji. Daktari akasema mguu huo utazamwe kila wiki bila kukosa, la sivyo kidole hatutakuwa nacho. Kila wiki, mwanangu. Nje ya mkataba ule, sijui tutaanzia wapi.

Nikamuuliza baba yako anaonaje. Akasema, "Usiniulize mimi mwenye mguu. Nikisema nenda, nimekuuza kwa kidole. Nikisema kaa, nimesema uongo." Kisha akafungua redio.

Na yupo shoga yangu Vifungo. Huyu humjui, alianza kuja ulipokwisha kuondoka. Yeye hutoboa na kushona matundu ya vifungo kwa mkono, hana kazi nyingine ila ninayompa. Kila siku tunakaa tukitazamana, cherehani katikati. Nilipomweleza, akakata uzi kwa meno, akasema, "Nenda, shoga. Mimi nitatafuta watu wasiojua kufunga zipu." Tukacheka sana. Lakini lile tundu alilokuwa akilishona lilikwenda upande, na tangu nimjue hajawahi kupindisha tundu. Nimefikiria nimwachie cherehani, ila hajui kukata nguo.

Nikigeukia methali, nazo zinagombana. Usiache mbachao kwa msala upitao, basi nakaa. Bora kenda shika kuliko kumi nenda rudi, basi naenda. Halafu najiuliza, kenda yangu ni ipi, ya nyumbani au ya hospitali? Wazee wale wangekaa kikao kwanza wakakubaliana.

Jambo linalonitisha ni hili. Leo nina wateja kama arobaini. Mmoja akininunia, thelathini na tisa wapo. Metroni akininunia, nina nani? Nikajiona nimepata jibu. Kisha nikakumbuka mwaka jana nilipolala mwezi mzima na homa. Katika hao arobaini walikuja watatu kunijulia hali, na wawili kati yao walikuwa wanaulizia suruali zao.

Wanataka jibu Ijumaa hii. Nimewaza nimwombe metroni mambo mawili: Jumamosi ziwe zangu niwashonee watu wangu, na Vifungo naye aitwe siku za kushona sare za wauguzi. Akikataa, sijui. Akikubali, pia sijui. Nimejizoeza mbele ya kioo, na kila nikifika kwenye neno "naomba" sauti inakwenda zake.

Najua utauliza, mama, mbona hukupiga simu? Ningepiga ungeniamulia. Wewe ni hodari wa kuamua tangu utotoni, nami ningekutii, na siku nikichoka kule chumbani, au siku baba yako akizidiwa hapa nyumbani, ningesema ni wewe. Sitaki niwe na neno hilo la kukuambia. Ndiyo maana nimeandika, na barua hii itafika Ijumaa imeshapita.

Kwa hiyo sikuombi ushauri. Ukimaliza kusoma, nipigie, uniulize tu, "Mama, uko wapi saa hizi?" Nikijibu niko kazini, sema umefanya vizuri. Nikijibu niko nyumbani, sema umefanya vizuri. Hata kama moyoni huamini, sema, mwanangu.

Baba yako anakusalimu, na anasema soksi zile ni mambo ya ndani ya nyumba, nisikuandikie. Nimeshakuandikia. Mdogo wako anakusalimu, na shangazi yako wa nyumba ya pili, na Vifungo pia, ingawa hamjuani. Msalimie sana mkwe wangu. Mume wangu mdogo mbusu kwenye nyayo zote mbili, kisha uzitazame vizuri.

Mungu akufunike usiku na akutangulie asubuhi, akupe riziki isiyokutenga na watu wako.

Wako akupendaye hata akiwa hajui aende wapi,
Mama.