Aliyenikaribisha Ghorofa ya Tano

Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo,
Dar es Salaam.
Jumapili, 10 Agosti 2025

Mpendwa Shangazi Evarista,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa mahali penye jua, maana najua Mbinga mwezi huu baridi haina huruma. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyoituma kwa Goodluck ilifika, au aliisahau kwenye basi kama alivyosahau viatu vya Anselmi? Sisi huku hatujambo. Mdogo wangu Stella alikohoa wiki nzima, sasa amepona na amerudi chuoni.

Utashangaa kwa nini sikupiga simu. Kwanza, kwenye simu husikii vizuri na mimi ningelazimika kupaza sauti. Jambo hili sitaki kulisema kwa sauti. Pili, wewe ulipiga chapa miaka kumi na tisa katika jengo lile lile ninalofanyia kazi, na ni wewe uliyeniambia nikiwa mdogo kwamba mtu asipige hodi kwenye nyumba tupu, anaweza kukaribishwa. Nilicheka. Sasa nakuandikia.

Jengo ungelitambua kwa nje tu. Bado limesimama nyuma ya Mnazi Mmoja na lifti bado ni mbovu. Ndani hakuna watu. Wakati wa korona kampuni iliwaambia wafanyakazi wafanyie kazi nyumbani, na ugonjwa ulipopoa hawakurudi. Kila mtu ana kompyuta yake huko aliko, Kimara, Bunju, Chanika, na vikao tunafanya kwa mtandao. Tuliobaki ni mimi niliye karani wa jengo, Bi Angelina ambaye ni meneja, na mlinzi wetu Bakili. Ukipita ghorofa za juu utakuta makoti bado yametundikwa kwenye viti, na kalenda zote zimekomea Machi.

Mwaka huu kampuni, ambayo ndiyo yenye jengo, imeamua kugeuza ofisi kuwa nyumba za kupangisha. Wafanyabiashara wa Kariakoo wanazisubiri kwa hamu. Ghorofa ya tatu na ya nne zimekwisha kugawanywa, zimewekwa majiko, vyoo na milango ya mbao kama ya nyumbani. Ya tano itasubiri mwakani. Mpaka hapo ilikuwa ifungwe kwa geti la chuma na kuchomelewa, ili wezi wasing'oe nyaya na mabomba.

Kazi yangu ilikuwa kukagua na kujaza fomu kabla geti halijachomelewa. Kwenye fomu kuna mstari mmoja unaosema: Idadi ya watu waliomo.

Jumanne ile, tarehe ishirini na tisa Julai, nilipanda saa tisa mchana. Ofisini, shangazi, hatupigi hodi. Unagonga mara moja na kuingia. Lakini milango ile mipya ni ya nyumba, na ndani yake mafundi walikuwa wanapaka rangi, kwa hiyo kila nilipofika nilijikuta nasema hodi, wananijibu karibu dada. Milango ishirini na minne. Nilipofika ghorofa ya tano mdomo ulishazoea. Nilisukuma mlango wa kioo, nikaona korido tupu na vumbi, nikasema, "Hodi."

"Karibu."

Haikuwa sauti ya kutisha. Hilo ndilo linaloninyima raha. Ilikuwa sauti ya mtu aliyekaa, ana kazi mbele yake, anakukaribisha bila kuinua kichwa. Ilitoka mwisho wa korido, upande wa stoo ya mafaili.

Nilishuka mbio. Bakili aliniona na kuniuliza kama nimekutana na jini.

"Huko juu kuna mtu?" nikamwuliza.

"Kuna panya na mafaili. Panya wanakula mafaili, mafaili hayali mtu. Saini hiyo karatasi, dada, twende tukanywe chai."

Nikasaini. Kwenye mstari wa watu niliandika sifuri. Nilikuwa nimesikia mtu kwa masikio yangu, na mkono wangu uliandika sifuri kwa sababu niliogopa kurudi juu kuhakikisha.

Alhamisi tulikuwa na kikao cha mtandaoni. Unamkumbuka Elibariki niliyekusimulia, kijana mpole wa Machame wa kitengo cha madai? Alikuwepo, shati jeupe limenyooka. Samson, ambaye hawezi kumaliza kikao bila kumchokoza mtu, akamwambia, "Elibariki, hapo kwako mnapaka rangi lini? Hiyo dari inalia."

Watu wakacheka. Elibariki akasema, "Mwenye nyumba ameahidi."

Mimi sikucheka. Juu ya kichwa chake palikuwa na doa la maji lenye umbo la birika, mdomo wake umeelekea dirishani. Doa hilo nalijua. Nimeliandikia barua tatu za matengenezo. Liko ghorofa ya tano, kwenye chumba kinachopakana na stoo ya mafaili.

Baada ya kikao nilimpigia. Nikamwuliza yuko wapi.

"Nyumbani," akasema, na simu ikakatika.

Shangazi, nilikaa na hofu mbili. Ya kwanza ni kwamba aliyenijibu Jumanne ni Elibariki, na keshokutwa mafundi wangemfungia ndani kwa sahihi yangu. Ya pili ni kwamba hakuwa yeye. Ile ya kwanza ndiyo iliyonipandisha ngazi Ijumaa, tena mchana, jua likiwa kali.

Sikupiga hodi. Nilimwita jina lake kutoka mlangoni. Nikatembea mpaka chumba cha lile doa. Palikuwa na mkeka umekunjwa vizuri, chupa ya chai, pasi, shati jeupe kwenye hanga na kompyuta juu ya meza iliyofutwa vumbi. Chini ya meza palikuwa na jozi moja ya kandambili, zimepangwa kama za mtu aliyeingia msikitini. Hapakuwa na mtu. Nikakaa kwenye kiti nimsubiri.

Ndipo nikasikia nyayo koridoni, kisha sauti: "Hodi."

Unajua jinsi ulivyotulea. Mtu akibisha hodi nawe uko ndani, huwezi kukaa kimya. Nikajibu, "Karibu."

Nyayo zikasimama. Nikasikia ndoo inaanguka, na maji yakaanza kuingia polepole chini ya mlango. Ikapita dakika nzima kabla mlango haujafunguka. Alikuwa Elibariki, na uso wake ulikuwa na rangi ya majivu.

"Ni wewe?" akaniuliza.

"Ni mimi, Candida."

Akapumua. "Kumbe leo ni wewe."

Sikuelewa. Tuliokota ndoo, tukadeki maji kwa tambara lake, ndipo akanieleza. Nyumba aliyopanga chumba hapa Kariakoo ilivunjwa kupisha ghorofa la maduka. Akahamia kwa kaka yake Mbagala, vyumba viwili, watu tisa, hakuna hata pa kuweka kompyuta. "Nikaambiwa nikafanyie kazi nyumbani," akasema. "Nyumbani wapi, Candida?" Alikuwa bado na ufunguo wa zamani wa ngazi ya nyuma. Mwezi wa nne akarudi kimya kimya kwenye meza yake.

Nikamwambia, "Basi Jumanne ulinitoa roho, ungejibu kwa kutaja jina lako."

"Jumanne sikuwepo," akasema. "Nilishinda hospitali, namwuguza kaka."

Kisha akasema bila kunitazama, "Bibi alinifundisha mtu asiingie nyumba tupu kama mwizi. Kwa hiyo napiga hodi kila nikirudi. Siku ya tatu nikajibiwa. Mwanzoni nilikimbia. Baadaye nikazoea. Ukiwa huna pa kwenda, anayekukaribisha humchunguzi sana. Leo nimeangusha ndoo kwa sababu sauti imekuwa nyingine."

Tukashuka mpaka kwa Bi Angelina. Nilikuwa nimeamua kusema kweli hata kama ni kupoteza kazi. Nikamweleza kwamba nilisikia mtu, nikaandika sifuri.

Alivua miwani. "Yaani tungemchomelea mtu ndani kwa sababu umeogopa ngazi?"

Nikasema ndiyo.

"Na aliyekujibu ni huyu?"

Nikamtazama Elibariki. Aliinamisha kichwa. "Ni mimi, bosi. Nisamehe."

Alidanganya kwa ajili yangu, na mimi nikamwacha adanganye. Bi Angelina alinipa barua ya onyo, haki yangu. Elibariki hakufukuzwa. Amepewa chumba kidogo ghorofa ya tatu mpaka atakapopata kwake. Kisha Bi Angelina akanipa fomu mpya, kwa kuwa mtu alikuwa ametoka, na nikaandika sifuri mara ya pili. Mara ya kwanza niliandika kwa woga. Mara ya pili sijui niliandika kwa nini.

Jumamosi tulisimama tukitazama geti likifungwa. Fundi alifuata utaratibu, akachungulia ndani na kuuliza mara tatu, "Kuna mtu?" Hakuna aliyejibu. Akavaa kinga ya macho akawasha moto.

Elibariki akaninong'oneza, "Hajapiga hodi."

Sasa sikiliza jambo langu, shangazi. Hata nyumba tunayoishi hapa Msimbazi inauzwa, na kampuni imenigawia chumba katika lile jengo. Ni cha ghorofa ya nne, moja kwa moja chini ya stoo ya mafaili. Tunahamia mwisho wa mwezi, mimi na Stella. Sina mahali pengine, na nimekwisha kushukuru kwa maandishi. Mchana nikienda kupima mapazia nasikia kiti kinavutwa juu ya dari, mara moja, kama mtu anayejisogeza ili mgeni apate pa kukaa.

Naomba unifundishe neno. Nilipiga hodi nikakaribishwa, lakini sikuingia na wala sikuaga. Mgeni wa namna hiyo anasema nini, na anasema akiwa amesimama wapi? Ulikaa mle miaka kumi na tisa. Kama hata wewe kuna siku ulipiga hodi, usinifiche. Na kama ulimjua mtu aliyependa kukaa kule mwisho wa korido akifanya kazi bila kuinua kichwa, niandikie jina lake, ili nikimuaga nimuage kwa heshima.

Nisalimie Babu Komba na umwambie miwani yake iko tayari. Msalimie Anselmi, na Mama Amira jirani, na wote wa pale kanisani wanaoniulizia. Mungu akulinde wewe na kila anayelala chini ya paa lako, aliyealikwa na asiyealikwa.

Goodluck atarudi huku tarehe ishirini na nane. Mpe jibu alilete mkononi, nami nitakuwa nimehamia. Ila mwambie hivi, na urudie mara mbili maana ni msahaulifu: akifika mlangoni kwangu agonge kwa mkono na ataje jina lake. Asipige hodi. Sitaki ajibiwe kabla sijafungua.

Mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye daima,

Candida