Kipande cha Nne cha Kanga Yako

Mtendeni, Tabora

Mama Zaina,

Salamu hizi zikukute umekaa, si umesimama na sufuria mkononi, maana barua yenyewe inataka mtu aliyekaa. Hujambo? Watoto hawajambo? Goti la mama yako linaendeleaje, ile dawa ya kuchua niliyomwachia imemsaidia au ameigawa kwa majirani kama kawaida yake? Mimi mzima. Nimepungua tumbo, jambo ambalo najua litakufurahisha kuliko salamu zote.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati juzi tu tumezungumza kwenye simu. Nimeamriwa. Aliyeniamuru utamjua mbele. Nikianza na mwisho utaacha kusoma uchukue simu, nami huko sitaki tufike mapema.

Kazi ipo. Hapa gereji wananiita Fundi Chumvi, kwa sababu siku ya kwanza nilijisifu kuwa nimekulia Bagamoyo na hakuna kutu nisiyoijua. Wakacheka sana, wakaniuliza bahari ya Tabora iko mtaa gani. Baadaye akaja Salum, mfanyabiashara wa hapa hapa Mtendeni. Wazee wake walitoka Omani, wakaingia bara kwa njia ya misafara inayoanzia kwetu, ile waliyoitembea wapagazi kwa miezi na mimi nikaja kwa basi nikilalamika kiti. Salum ana pikapu ya milango minne, na kazi yake ni kufuata chumvi Uvinza. Magunia yanavuja maji ya chumvi, yanashuka kwenye chesesi, mifupa ya chini ya gari, yanakula chuma taratibu. Nilipoingia chini ya gari lile nilisikia harufu ya nyumbani. Nilikaribia kulia, Mama Zaina, si utani. Kisha nikatoka nikawaambia wenzangu, bahari ndiyo hii.

Tulibishana naye siku mbili juu ya dawa za kupaka. Yeye alitaka fedha yote iende juu, kwenye ile dawa ngumu inayokauka kama kioo, gari ling'ae mpaka Ujiji, maana walikuwa wanajiandaa kwenda harusi ya mpwa wake huko. Nikamwambia dawa ile inataka chumba kisichoingia vumbi, na hapa kwetu vumbi linaingia hata kwenye chai. Tutafungia mchanga ndani ya mng'aro. Juu tupake nta ya kawaida, tuirudie kila baada ya miezi michache. Zile plastiki nyeusi za pembeni na bampa, zilizopauka kwa jua zikawa rangi ya majivu, tusizipake mafuta ya kung'arisha yanayoshika vumbi, tupake dawa inayokauka. Fedha iende chini. Na chini pia nilikataa ile nzito kama lami, kwa sababu ikishapasuka maji ya chumvi hujificha nyuma yake na kula chuma bila mtu kuona. Nikachagua nta laini ya kupuliza, inayotambaa yenyewe mpaka kwenye maungio. Ina ubaya mmoja: haipatani na moto. Kwa hiyo kabla ya kupuliza, bomba la moshi hufungwa kitambaa, na sahani za breki hufunikwa.

Sasa hapa kaa vizuri. Ile kanga uliyonipa stendi siku naondoka, uliyoipinda kwa mkono wako kwa uzi mwekundu, kila ukiniuliza nimekuwa nikikuambia iko chini ya mto. Haikuwa chini ya mto. Mwezi wa pili tu wa kukaa hapa niliichana vipande vinne.

Usinune kwanza. Matambara ya gereji ni mabaki ya mitumba, yana nyuzi za nailoni na vifungo, yanachuna rangi ya gari la mtu. Kanga ya pamba iliyofuliwa miaka kumi hakuna kinachoishinda kwa kupangusa nta. Nilijiambia nitachana kona tu. Unanijua mimi na kona. Basi vikawa vinne: viwili vya breki, kimoja cha bomba la moshi, kimoja cha mkononi. Na nilijiwekea utaratibu, nikapiga misumari minne ukutani. Gari halitoki mpaka kila msumari uwe na kipande chake.

Siku ya kumaliza gari la Salum nilimwaga kopo la maji juu ya boneti ili aone nta inavyofanya kazi. Maji yakajikusanya kama shanga, yakakimbia. Watu wakasogea, wa duka la jirani naye akaja. Wakaniambia rudia, nikarudia. Nilirudia mara nne kama mwanamazingaombwe, huku nikieleza kwa sauti ya mtu aliyesoma. Salum akauliza kuhusu harufu. Nikamwambia asijali, dawa ya chini ikipata joto hutoa harufu siku mbili tatu za mwanzo, wakiisikia njiani waendelee na safari. Akaondoka na gari lake. Ukutani sikutazama.

Asubuhi yake nikafika kazini saa mbili, nikavua shati, nikanyoosha mkono kwenye msumari. Vipande vitatu.

Cha mkononi kipo, vya breki vyote viwili vipo. Nikatafuta kwenye ndoo, chini ya meza, mifukoni, nikijua kabisa kilipo. Kilikuwa kimezungushwa kwenye bomba la moshi la pikapu ya Salum, kimelowa nta, chini ya kiti cha nyuma. Na kiti hicho kilikuwa na mama yake Salum, Bi Zuwena, na wajukuu wake mapacha. Salum alikuwa ameniambia wataondoka saa moja.

Nikapiga simu. Ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena, na tena. Ya nne Salum akapokea, nasikia upepo wa dirishani, na kabla sijasema hata halo akaniambia, "Fundi, harufu tumeisikia. Mama analalamika, nimemwambia fundi alishatueleza. Usiwe na wasiwasi, tunaendelea." Simu ikakatika. Nikipiga, hapatikani.

Mama Zaina, mimi nimeshachomwa na betri, nimeangukiwa na jeki, na siku moja baba yako alinikuta dirishani kwenu. Sijawahi kuogopa vile. Maneno yangu mwenyewe ndiyo yaliyokuwa yakiwapeleka.

Nikatoka mbio mpaka kwenye kijiwe cha bodaboda. Alikuwepo mmoja ninayemfahamu, Masanja, mtu wa Ntalikwa, mkulima aliyeacha jembe kidogo anunue pikipiki. Nikamweleza kwa maneno matano. Hakuniuliza bei. Akanipa kofia, akawasha, tukashika barabara ya Urambo, ndiyo ya kwenda Ujiji. Nilikuwa nimeshika chuma cha nyuma kwa adabu. Akapaza sauti, "Mzee, nishike kiuno, aibu tutaona tukirudi." Nikamshika kama mtoto.

Njia nzima nilikuwa natazama angani. Msimu huu watu wanasafisha mashamba, wanachoma majani, kwa hiyo kila baada ya mwendo kidogo unaona moshi. Kila moshi machoni pangu ulikuwa wao. Tunaukaribia, kumbe ni mtu na shamba lake, ametushangaa. Masanja akawa anaona mwili wangu unavyokakamaa, akawa ananiambia bila kugeuka, huo wa shamba mzee, na huo wa shamba. Tulisimamisha lori linalotoka Urambo, tukauliza pikapu nyeupe. Dereva akasema hajapishana na gari linaloungua. Alisema hivyo kwa nia njema, ila nilimwambia Masanja aongeze mwendo.

Tulipopita Ndono nikaona moshi mwembamba pembeni ya barabara, na safari hii Masanja hakusema kitu.

Pikapu imesimama, milango yote minne wazi. Mapacha wamekaa mbali kwenye mkeka wanakula karanga. Salum amelala chali chini ya gari, miguu nje. Na Bi Zuwena amekaa juu ya begi, buibui limejaa vumbi, mkononi ana kitu cheusi. Nikashuka, nikakaa chini pale pale. Salamu ilinitoka nikiwa nimekaa: "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umechelewa."

Akanieleza yaliyotokea. Harufu ilianza mapema, mwanawe akamwambia ni dawa, fundi kasema. Akavumilia. Kisha harufu ikabadilika. Akamwambia Salum asimamishe gari. Salum akasema mama, ni dawa. Akamwambia, "Mimi nimefukiza nguo kwa udi tangu nimeolewa, na nyingine nimeziunguza. Hii inayoungua ni pamba. Simama, au nafungua mlango." Salum akasimama. Walipoinama, moto mdogo ulikuwa unalamba sakafu chini ya kiti chake. Wakauzima kwa birika lake la udhu na maji ya kunywa ya watoto.

Salum akatoka chini ya gari, uso mweusi kwa masizi. Hakunipigia kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. Alisema, "Nilimbishia mama yangu kwa ajili yako."

Bi Zuwena akanionyesha kile kitu cheusi. "Nguo ya nani hii?"

Nikasema ni tambara la gereji.

Akaligeuza, akalinyoosha gotini. Pembe moja ilikuwa haijaungua. "Tambara la gereji halipindwi kwa mkono," akasema. "Uzi mwekundu, mishono midogo hivi. Aliyeshona hapa hakuwa na haraka. Ya nani?"

Nikamwambia ya mke wangu. Akauliza kama unajua ilipo. Nikamwambia unajua iko chini ya mto. Masanja akageuka akatazama porini, nadhani alikuwa anacheka. Bibi hakucheka. Akasema, "Gari utalitengeneza, hilo ni lako na Salum. Mimi adhabu yangu ni hii. Utamwandikia barua kwa mkono wako, umweleze yote, na pembe hii uitie ndani. Si kwenye simu. Kwenye simu mmeshazoea."

Nikaingia chini ya gari. Nilikwangua nta yote iliyokuwa karibu na bomba kwa kisu cha Masanja, nikaosha, nikachungulia kila bomba la breki na waya mara tatu. Sakafu ilikuwa imebabuka mahali pa ukubwa wa sahani ya chai, juu yake ni pale Bibi alipokuwa ameweka miguu. Walipoondoka Salum hakunipa mkono. Siku nzima sikula. Jioni ukaja ujumbe wake: "Tumefika Ujiji." Maneno mawili tu. Nimeyasoma mara nyingi kuliko barua zako za uchumba.

Bosi ameniacha kazini, ila magari yangu yanakaguliwa na mwenzangu kabla hayajatoka, na misumari anahesabu yeye. Nimestahili. Salum akirudi nitamvulia sakafu yote na kuipaka upya, kama atakubali kuniona.

Mama mkwe mpe shikamoo yangu, goti nitaliulizia tena. Shemeji yangu mdogo, yule wa mashua, mwambie sandarusi ya chini peke yake haitoshi, apake na ubavuni. Binti yetu Zaina aache kuniomba simu mpya, aniombee kumbukumbu. Baba mdogo mpe salamu, lakini kisa hiki usimsomee, nitasemwa mpaka Idi.

Pembe yenye upindo wako imo humu. Usiioshe kwanza, Bi Zuwena anataka uinuse, kisha umpigie mwenyewe umwambie imefika. Namba yake nimeiandika nyuma ya bahasha. Vile vipande vitatu nimevifua kwa sabuni nyingi, nimevishona pamoja kwa mkono wangu, mishono mikubwa kama ya gunia la chumvi. Kwa hiyo leo ukiniuliza kanga iko wapi, iko chini ya mto, robo tatu yake, na unaweza kuniamini.

Mumeo,
Athumani