Kitako cha Bunduki ya Dana

Baba yangu mpendwa,

Amosou uduto, nawasalimu nyote hapo nyumbani. Magoti yako yanaendeleaje? Na Mama, kile kikohozi kimepungua? Mimi ni mzima, baridi tu ndiyo inanionea. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu unaitikia tu "eh, eh", na najua hunisikii. Wifi yangu Akinyi akusomee polepole.

Unajua kwamba huku Kanada namtunza mama mzee mmoja mjane, nje kabisa ya mji, kwenye mashamba ya ngano. Namwita Dana, vile tulivyomwita bibi yetu. Zamani yeye na mumewe walikuwa wakiwinda kulungu pamoja. Bunduki yake ina leseni, hukaa kwenye kabati la chuma, na risasi binti yake Helen alizipeleka kwake. Tangu Dana augue mkono wa kulia, bunduki hiyo ilikuwa imemshinda. Kitako chake, ile mbao ya kuegemeza begani, kilitoka kiwandani kikiwa cha mtu mwenye mikono mirefu. Kila akiiinua, kinanasa kwenye sweta.

Siku moja akaniambia, "Mume wangu alisema atakirekebisha. Akafa."

Nikamwambia mimi ni binti ya fundi wa mbao wa Awendo.

"Basi unangoja nini?"

Nilicheka, Baba, halafu nikaogopa. Randa hukunipa mimi, ulimpa kaka Ouma, naye akaiacha akaenda Macalder kuchimba dhahabu. Mimi nilifagia vumbi na kukushikia ubao upande wa pili. Lakini macho yangu yalikuwa yanaona.

Gereji ya marehemu ina vifaa vyote. Dana alifungua skrubu mwenyewe, akarudisha chuma kabatini, akanipa mbao peke yake. Sabato tulipumzika, Jumapili nikawa fundi. Nilikata kipande nyuma ili kiwe kifupi. Pale pa kushika nikapunguza kwa tupa, kwa maana vidole vyake havikunjiki vizuri. Nikatoa vanishi yote ya kiwandani, ile inayong'aa kama sahani ya plastiki, nikapiga msasa nikifuata nyuzi za mbao, nikailowesha, ikakauka, nikapiga tena. Chini yake kulikuwa na rangi ya kahawia yenye mistari, Baba, ungeipenda. Dana alikaa kwenye kiti akipaka mafuta kwa kiganja, akinisimulia habari za mumewe. Sijawahi kuwa na raha hivyo tangu nitoke nyumbani.

Ilipokwisha akaifunga tena kwenye chuma, akaiweka begani. Ikakaa. Akalia.

Halafu asubuhi moja alikuwa mezani jikoni akiipangusa. Helen akaingia kwa lango amevaa koti kubwa lenye kofia. Dana akaiinua mara moja, shavu likakaa mahali pake, akaielekeza dirishani.

"Nani huyo mwizi?"

"Dana, huyo ni Helen. Mtoto wako."

"Mimi sina mtoto mkubwa hivyo."

Nilijua haina risasi. Lakini niliogopa, kwa sababu mkono wake haukutetemeka hata kidogo. Ile mbao niliyoichonga ndiyo iliyomtuliza mkono. Nikaweka kiganja changu juu ya mtutu nikaushusha, naye akaniachia bila ubishi. Helen hakuona lolote. Aliingia akiuliza kama kuna chai.

Ningeweza kunyamaza. Nilisubiri amalize kikombe, nikamwita nje nikamwambia. Akakaa kwenye ngazi palipo na theluji, akalia na uso ameuficha kwenye mikono. Siku hiyohiyo bunduki ilipelekwa kwa jirani mwenye leseni, mwindaji pia.

Dana alipokuta kabati tupu hakuuliza Helen. Aliniuliza mimi.

"Ni wewe uliyesema?"

"Ni mimi."

"Na nilikukaribisha gereji ya mume wangu."

Hakula chakula changu siku hiyo wala iliyofuata. Nilifanya lililofaa, hata mchungaji wa hapa amesema hivyo, lakini moyo hautaki kusikia. Natamani ningekiacha kile kitako kilivyotoka kiwandani. Angeendelea kulalamika kwamba kinanasa, na bunduki ingekaa kabatini hadi mwisho wake.

Yule jirani ni mrefu sana. Kitako kile kilimshinda, akanunua kingine, na juzi akaturudishia mbao. Helen akamwekea mama yake mapajani. Dana akaipapasa taratibu, akapitisha kidole pale pa kushika. Hasira yote ilikuwa imekwisha. Kumbe hata yeye mwenyewe hakukumbuka kwamba alikuwa amekasirika.

"Kazi nzuri hii," akaniambia. "Nani alitengeneza?"

Nilishindwa kusema ni mimi. Nikamwambia, "Binti ya fundi mmoja wa Awendo."

"Alifundishwa vizuri. Mwambie babake asante."

Nisalimie Mama, na kaka Ouma akitoka machimboni, na shangazi wa Muhuru Bay, mwambie samaki wake wa omena walifika bila kuvunjika. Wifi Akinyi, asante kwa kusoma. Ukifika hapa mwache Baba akae kidogo kabla hujamuuliza neno.

Na hiyo asante, Baba, ni yako. Nimeileta kama nilivyopewa.

Ni mimi binti yako,
Atieno