Taa Tano na Mbuzi Watatu

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Daftari yangu, hujambo? Tangu Pasaka sijakufungua. Natumaini panya hawajakugusa huko ndani ya sanduku la cherehani. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila goti la kushoto. Nimekutafuta kwa sababu kuna jambo limenibana na sitaki kumwambia mtu.

Gari imewaka taa. Si za mbele — zile ndogo za kwa dashibodi. Nne kwa mpigo! Natoka sokoni Matinyani, napanda kale kamlima, mara: ya betri. Ya injini. Ya breki, ile yenye alama ya mshangao. Na moja ya mtu ameketi amepakata mpira mkubwa. Hiyo sijui maana yake, lakini huyo mtu hana raha.

Na Jumamosi ndiyo siku! Tunapeleka mbuzi watatu wa ntheo, wa kuposea, kwa kina Wakiuru, mchumba wa kijana wangu, huko Malili. Bila hao mbuzi, kwetu Wakamba msichana ni mgeni tu, hata akizaa watoto kumi. Ile mara ya kwanza tulichelewa saa tatu nzima, sababu pancha. Baba yake, Mzee Thuo, hakugomba. Alisema pole pole, na hiyo pole pole ndiyo iliniogopesha: safari ijayo mkipitisha saa saba, sifungui geti, nitajua hamna haja na binti yangu. Tangu siku hiyo kijana wangu Muthama anakula kama ndege.

Bwana Mungu, wewe unajua injini zote. Mimi sijui hata moja.

Jumanne, 12 Agosti

Nimempelekea Musyimi, fundi wetu wa hapa. Akafungua boneti, akatikisa kichwa kama daktari anayetaka kuita familia. Akaniuliza: Mama Muthama, hii gari imeingia maji? Nilicheka mpaka nikashika mlango. Maji! Tangu Mei hakuna tone, ng'ombe wanalamba mawe, maji itoke wapi? Na yeye akacheka. Akamwagia vichwa vya betri maji moto, akasugua, akakaza. Taa zikazima zote. Nikaenda nikiimba.

Kufika kanisani, zimerudi. Nne zote, na zimeleta rafiki! Ya herufi tatu, ABS. Sasa ni tano.

Na nani ananikuta hapo? Nthiwa, mdogo wa marehemu mume wangu. Yeye ndiye atakuwa msemaji wetu Jumamosi. Akachungulia kwa dirisha. "Shemeji, umefungua disko?" Eti niache gari nyumbani, twende wote kwa pickup yake, ina nafasi hadi ya mbuzi. Nikamwambia asante, yangu itaenda. Nikipanda pickup ya Nthiwa nitaisikia hiyo habari mpaka Yesu arudi.

Ni kiburi, najua. Nitatubu Jumapili.

Jumatano, 13 Agosti

Kitui mjini, kwa kijana mmoja anaitwa Kim, ana mashine ya kusoma gari. Anachomeka waya chini ya usukani, mashine inalia, maandishi yanashuka kama orodha ya waliokufa. "Mathe, gari yako imekubali makosa kumi na moja."

Kumi na moja! Gari ambayo nilinunua kwa mwalimu mkuu!

Akauliza na yeye kuhusu maji. Hawa mafundi wana nini na maji? Nikamwambia kijana, mimi natoka Matinyani, wewe unatoka wapi? Akaacha.

Akasema anaweza kufuta makosa yote kwa kidole kimoja. Bila kutengeneza? Bila kutengeneza. Daftari, huo si ni msamaha bila toba? Lakini nilichoka, nikasema futa. Akanong'ona pia, kwamba zikirudi anaweza kung'oa balbu, hakuna mtu ataona. Nikamwambia Mungu ataona.

Zilirudi kabla sijafika Kalundu.

Usiku Muthama ameniuliza kama tutafika. Nikasema tutafika.

Alhamisi, 14 Agosti

Daftari, keti chini.

Leo nimembeba Ndila kwenda mazoezi ya kwaya. Huyo unamjua, sauti ya kwanza, domo la kwanza. Alivaa viatu vipya vya kitambaa. Kwa kona ya kwanza akapiga kelele. "Mama Muthama! Mbona gari yako ina bwawa?"

Nikasimama. Nikainama upande wake. Nikabonyeza zulia. Likatoa maji — chwaa! — kama sifongo ya kuoshea sufuria.

Ndipo nikakumbuka, nikashika kichwa. Ubatizo! Jumapili iliyopita watu tisa walikuwa wanabatizwa na tanki ya kanisa ilikuwa kavu kabisa. Mchungaji akauliza nani ana gari. Nani akainua mkono? Mimi. Jumamosi nilifanya safari tano mpaka kisima cha kuchimbwa, kila safari mitungi saba. Nusu ya mitungi haina vifuniko, tuliziba na gunzi la mahindi na karatasi ya nailoni. Na ile barabara yetu! Nilisikia chubwi-chubwi huko nyuma na nikaongeza sauti ya wimbo.

Na mafundi wawili waliniuliza. WAWILI! Lakini mtu wa hapa akiulizwa habari ya maji, anafikiria mvua. Nilijibu nikiangalia juu.

Nimerudi kwa Musyimi na aibu yangu. Hakunicheka sana. Akang'oa viti, akainua zulia. Chini ya kiti cha dereva kuna kasanduku ka waya, kamekaa ndani ya maji. Kando yake boliti moja ambapo waya nyingi nyeusi zimeungwa pamoja na bodi, imekuwa kijani kibichi kama mboga. Akasema hiyo ndiyo inarudisha moto wa betri, ikioza kila kitu kinalalamika mara moja. Kwamba gari si mgonjwa. Imebatizwa tu.

Ndila alisikia. Kufika jioni Matinyani yote ilikuwa imesikia. Mchungaji amepiga simu kutoa pole, halafu akauliza kama ubatizo wa Desemba nitaweza.

Ijumaa, 15 Agosti

Viti viko kwa ua, zulia liko kwa ua. Jirani ameniuliza kama tunahama. Kuku mmoja ametagia kwa kiti cha abiria.

Saa tisa Musyimi amewasha gari. Ya betri, imezima. Ya injini, imezima. Breki, ABS, zimezima! Nikapiga magoti hapo hapo kwa mafuta machafu. Imebaki yule mtu wa mpira. Musyimi anasema huyo ni wa mfuko wa hewa, na sasa anabaki kwa sababu viti vimetolewa, hasumbui safari. Shida ni kwamba sponji ya viti haijakauka. Kiti cha dereva peke yake ndicho kimerudi.

Kwa hivyo imebidi. Nthiwa atabeba wazee na Muthama, mimi nitabeba mbuzi. Nimemwomba mwenyewe, kwa mdomo wangu. Alifurahi vibaya. "Si nilikuambia, shemeji?" Ndiyo, uliniambia.

Jumamosi, 16 Agosti. Malili, nje ya geti

Nimefika saa sita kasoro dakika ishirini. Mimi! Naandikia juu ya usukani, mbuzi wamelala nyuma, mmoja ananitafunia lesi ya kitambaa.

Nthiwa hayupo. Nilitoka mapema, akasema watanipita kabla ya Machakos. Sikuwaona. Nampigia, mteja hapatikani. Nimempigia Muthama, simu ikalia hapa ndani ya gari. Aliiacha inachaji!

Saa sita na robo wanawake wa ndani walianza kuimba, wakiuliza wageni ni akina nani. Desturi yao, lazima mjibu kwa wimbo. Niliimba pambio peke yangu. Mbuzi mmoja aliitikia. Huko ndani walicheka.

Kisha sauti ya Mzee Thuo yenyewe, nyuma ya bati: msemaji wenu ni nani? Kwetu mama wa kijana hasemi kwa geti, anafunika kichwa na kuangalia chini. Nimefunika. Nimeangalia chini mpaka shingo inauma.

Wakiuru amechungulia kwa kitundu. Nimeona jicho moja tu. Limelia.

Saa saba kasoro dakika sita. Barabara nyeupe, hakuna pickup. Nimesikia komeo likisogezwa, sijui ni kufungua au kukaza.

Nimeshika kamba za mbuzi. Nimemwandikia Nthiwa ujumbe wa simu, na nanakili hapa ili isije ikasemwa sikuuliza: "Shemeji, mko wapi? Saa inaisha. Ukikaa kimya dakika tatu nitabisha na nitasema mwenyewe, na mbuzi nitawatoa mwenyewe. Tafadhali nijibu upesi."