Gesi Inayolinda Tumbo

3 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Hamjambo nyumbani? Baba na cherehani yake wanaendeleaje? Mimi mzima, ila nanuka. Hapa maabara nimepewa kazi ya gesi yenye harufu ya mayai viza. Usicheke! Kumbe mwili wenyewe huitengeneza, kidogo mno, ikawa kama mjumbe wa kupeleka habari ndani kwa ndani. Tunachunguza kama inausaidia utumbo kujikinga na bakteria wa kuhara. Panya tuliowapa dawa inayoitoa polepole wameharisha kidogo kuliko wenzao. Nimeruka kwa furaha hadi nikagonga kichwa kwenye kabati.

Binti yako

19 Machi, kwa simu

Mwanangu, marahaba. Barua itachelewa. Baba yako anaharisha tangu jana. Sasa hivi nimemkuta jikoni na yai viza mkononi, ati “mtoto kasema ni dawa.” Nimemnyang'anya. Nifanyeje?

Mama

19 Machi

Mama, litupe! Sikusema hivyo! Gesi inayokinga ni ile kidogo ambayo utumbo unajitengenezea. Ikizidi ni sumu, na yai bovu litamwongezea ugonjwa. Chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, sukari vijiko sita vya chai, chumvi nusu kijiko. Anywe kidogo kidogo. Halafu zahanati, leo leo. Nijibu.

Binti yako

20 Machi

Mama? Mbona kimya? Leo nimeshindwa hata kuwalisha panya.

Binti yako

24 Machi

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Utanisamehe, simu iliisha chaji nami sikubanduka kitandani kwa baba yako. Njiani kwenda zahanati hakubishana nami hata neno moja, ndipo nikajua hali mbaya. Wakamtundikia dripu. Wamepima, ni bakteria. Tunashuku ule mtungi wa maji wa dukani kwake anakoshonea, na nimemwagiza jirani ausugue kwa maji ya moto. Jana kafumbua macho, akamwambia muuguzi pindo la sare yake limeshonwa ovyo. Nikacheka huku nalia. Kesho tunarudi nyumbani.

Daktari kaniuliza nani alinielekeza yale maji ya chumvi na sukari, maana ndiyo yaliyomfikisha hapa akiwa hai. Nikasema, binti yangu.

“Naye ni daktari?”

Nikajibu ndiyo, bila kupepesa macho. Najua hujahitimu. Lakini nimeshasema mbele ya watu, kwa hiyo mama, fanya haraka.

Mama yako